Risiva ya Shosho Marigu

Ng'oeni hivyo vitambaa. Naanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu nimelisema miaka yote ya kazi yangu na hakuna aliyenisikiliza. Mimi nilikuwa fundi wa redio, runinga na mashine za muziki, kwanza Meru mjini nilikozaliwa, kisha Embu nilikoolewa. Sasa nimestaafu, nakaa mtaa wa Dallas hapa Embu, na mguu wa transista siuoni tena bila miwani na tochi ya simu. Lakini hasira yangu haijastaafu, na nyinyi vijana mnaosomea umeme ndio nataka kuwamwagia.

Kama kwenu kuna risiva, ile mashine pana inayounganishwa na runinga na kugawa sauti kwa spika tano na sabufa, nenda sebuleni uangalie juu yake. Utakuta kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua kwenye pindo, kimeziba matundu yote ambayo mashine inapumulia. Juu ya kitambaa kuna picha ya harusi, na kando yake maua ya plastiki. Halafu hilo lote limefungiwa ndani ya kabati lenye mlango wa kioo, ili vumbi lisiingie. Mashine inachemka humo mpaka inakufa, na watu wanalaumu stima.

Timau nilikutana na mwenye baa aliyeshinda wote. Aliniletea risiva imeungua, nikamtengenezea, akairudisha imeungua tena palepale. Nikapanda gari nikaenda kuona. Timau ni baridi, hilo nakubali, lakini huyu bwana alikuwa ameifunga ile mashine shuka nzito, akaiacha uso tu. Nilipomuuliza, alinijibu bila aibu kwamba hata wafanyakazi wake huvaa sweta mbili, sembuse kitu cha chuma. Wakati huo nilicheka hadi nikakaa chini.

Aliyenifundisha kazi, Mzee M'Ikiara wa pale Meru, alikuwa na utaratibu mmoja ambao wateja waliuona ni usumbufu. Ukimletea mashine hakukuuliza imeharibika nini. Alikuuliza inakaa wapi, nani anaitumia, na ilikuwa inafanya kazi gani siku ilipozimika. Mara nyingine aliiacha mezani ikiwa haijafunguliwa, akachukua kofia yake akaenda nyumbani kwa mwenyewe. Mimi nilikuwa msichana mwenye haraka, niliona anapoteza wakati. Lakini alikuwa akirudi na jibu: nyuzi za waya wa spika zimegusana nyuma ya kochi, panya ametafuna, mtoto ameingiza kijiko. Nikaishika hiyo tabia, na ndiyo iliyonilisha.

Wenye risiva ni watu wa ajabu, nawapenda na wananichosha. Kuna mchungaji aliyepanga spika zote tano mbele, chini ya runinga, akalalamika kwamba hasikii sauti ikizunguka. Kuna mwalimu aliyedhani spika za nyuma zimekufa, kumbe alikuwa anatazama taarifa ya habari, na habari hazina sauti ya nyuma. Kuna mama aliyenunua kwa kusoma namba kubwa iliyoandikwa kwenye katoni, kisha akashangaa ile ndogo ya jirani inamshinda. Namba ya kwenye katoni haiimbi. Na mkisikia sinema mlio wa bunduki unatikisa madirisha lakini maneno hamuelewi, ingieni kwenye setingi mpandishe spika ya katikati, kwa sababu maneno hupitia hapo.

Haya yote yanasameheka. Lisilosameheka ni lile nitakalowaambia sasa.

Nina mteja wangu wa siku nyingi, anaitwa Njeru. Anafanya kazi ya ofisi hapa Embu, ila kwao ni Kiritiri, na huko amejenga nyumba nzuri ambamo mamake anakaa. Mamake ni Shosho Marigu. Masikio ya Shosho yaliondoka polepole, kama yanavyoondoka ya wazee wengi. Walimnunulia kile kifaa kidogo cha kuingiza sikioni, kikawa kinampigia filimbi mchana kutwa, akakiweka kabatini na akakataa habari yake.

Nyinyi mnajua tunavyowafanyia watu kama hao. Wiki ya kwanza tunapaza sauti. Wiki ya pili tunaongea kwa mikono. Baada ya hapo tunaongea sisi kwa sisi na kucheka mbele yao, na wao wanacheka pia wasionekane wajinga. Shosho alikuwa mwanamke wa maneno, aliyewahi kuongoza akina mama wa kanisa, na akageuka kuwa mtu wa kutingisha kichwa. Ukimwangalia, anatabasamu. Ukifungua mdomo, anakubali.

Njeru alinunua risiva kwa ajili ya mpira. Kwa bahati ilikuwa ya aina ile yenye tundu la maikrofoni, ya watu wanaopenda kuimbia nyumbani, na tundu la hedifoni pembeni. Binti yake, Wawira, anayesomea mambo ya maabara chuoni hapa Embu, alikuwa Kiritiri mwisho wa wiki akifanya mazoezi ya kwaya kwa ile maiki. Akamvisha Shosho zile hedifoni kubwa kwa mchezo tu, akapandisha sauti, akamuuliza amelalaje. Shosho akamjibu kwamba amelala vibaya, mgongo unamuuma, na kwa nini chai ya nyumba hii siku hizi haina sukari. Wawira alinieleza kwamba alilia na maiki mkononi, na Shosho akamwambia asimlilie masikioni.

Kutoka siku hiyo ile nyumba ikawa na desturi yake. Mgeni akifika anapewa kiti, kisha anapewa maiki. Katekista alikuwa akisema "moja, mbili, moja, mbili" kabla ya kumsalimia. Shosho alikaa kando ya risiva na hedifoni juu ya kilemba, akiuliza habari za watu wote wa Kiritiri, na za wale waliokopa mbuzi wakanyamaza. Mashine ya mpira ilikuwa imemrudisha nyumbani kwake.

Halafu ikafa. Taa nyekundu, neno moja kwenye kioo chake, na kimya. Njeru akaipeleka Meru kwenye duka kubwa alikoinunua, maana ilikuwa bado ndani ya waranti. Wakamwambia waranti imevunjika kwa sababu ile stika ya nyuma imebanduka. Stika ilibanduka kwa sababu Shosho ni mtu msafi, aliiona kama uchafu akaisugua kwa kitambaa chenye maji. Wakamwambia pia bodi imekufa, haitengenezeki, anunue mpya.

Njeru akanipigia simu. Hakuwa anataka nitengeneze chochote. Alitaka nimshauri kuhusu zile spika ndefu za kisasa, moja tu unaiweka chini ya runinga, kwa kuwa Jumamosi walikuwa wanakuja wageni wa mahari ya Wawira na sebule lazima ipendeze. Nikamuuliza hiyo spika ndefu ina tundu la maiki na la hedifoni. Akasema haina. Nikamuuliza, sasa Shosho atafanyaje hiyo Jumamosi.

"Aah, Mama Kendi," akasema, "Shosho atatingisha kichwa tu. Kwani amewahi kukataa?"

Njeru si mtu mbaya. Analipia mamake dawa, anamjengea, anamheshimu. Lakini lile neno lilinichoma, na nataka liwachome nanyi. Kwa sababu nilikuwa nimesimuliwa na Shosho mwenyewe, kwa maiki, habari ya mahari ya mjukuu wake mkubwa miaka michache kabla. Walimketisha mbele na kumvisha leso mpya. Kila mtu alipomgeukia alitingisha kichwa, na msemaji akatangaza kwamba bibi amebariki. Jioni akamuuliza Njeru ni mchango wa nini uliokuwa unafanywa. Yule mjukuu alipelekwa mbali kwa mume, akaacha kazi yake ya ualimu, na mpaka leo anajuta. "Walinifanya nikubali kitu sikukijua," Shosho aliniambia, "na yule mtoto aliniangalia mimi, akangoja nikatae."

Nikamwambia Njeru aje anichukue twende Meru.

Dukani tulipokelewa na kijana nadhifu mwenye beji shingoni. Alikuwa na adabu. Alitueleza kwa Kiingereza kizuri kwamba mashine imepita uwezo wa kutengenezwa. Nikamuuliza ni nani aliyeifungua. Akatazama nyuma yake aone kama bosi yuko.

"Mathe, wacha nikuambie ukweli," akasema kwa sauti ndogo. "Hiyo ni transista mbili za channel moja zimeungua. Mimi naweza fanya hiyo kazi hata sahi. Lakini hapa hatukubaliwi kushika solda. Kazi yetu ni kusema imekufa."

Nikamuuliza alisomea nini. Alisomea umeme, miaka mitatu, na alikuwa wa kwanza darasani. Sikuwa na hasira naye. Nilikuwa na hasira na aliyechukua mkono kama huo akaufundisha kusema "imekufa". Vijana, hiyo si kazi. Mtu anayejua dawa na kufukuza wagonjwa tungemwita jina baya, lakini mwenye kujua mashine na kuifukuza tunampa beji. Nilimwambia hivyo, na akasema, "Najua, mathe," akaniletea risiva yetu. Walikuwa wanataka ibaki pale wakaitupe wenyewe. Nilikataa.

Sikuifungua papo hapo. Nilifanya alivyofanya Mzee M'Ikiara, nikaenda Kiritiri kuona ilipokuwa inakaa. Shosho alikuwa kwenye kiti chake karibu na pengo lililoachwa na mashine, na aliponiona alitabasamu na kutingisha kichwa kabla sijasema neno. Nilikuwa nimesahau jinsi hilo tabasamu linavyochukiza ukijua kilicho nyuma yake.

Na kabatini, kimekunjwa vizuri kikingoja mashine irudi, kilikuwepo kitambaa cha kufuma. Kikubwa, kizito, rangi ya maziwa, alichokifuma mwenyewe, kwa shukrani. Alikuwa ameivisha ile mashine kwa sababu aliipenda.

Ilibidi nimwambie, na sikuwa na maiki ya kumwambia. Nikakishika, nikakiweka juu ya sufuria ya chai iliyokuwa inatoka mvuke, nikamshika mkono nikauweka juu. Akaelewa upesi kuliko wateja wangu wengi wenye masikio. Aliniuliza, "Kwa hivyo ni mimi?" Nikamtingishia kichwa kukataa, kwa nguvu, maana makosa hayo ni ya nchi nzima na hakuna duka linalomwambia mnunuzi mashine inahitaji hewa. Akaniuliza kama anaweza kukiweka chini yake badala ya juu. Nikakataa tena, chini pia kuna matundu. Mwishowe akakiweka juu ya rimoti.

Nikaifungua pale mezani. Sikilizeni vizuri hapa. Ukichomoa waya ukutani, usifikiri umeme umeondoka; zile kapasita kubwa mbili zinaushika, na zinaweza kukutupa ukutani. Subiri, kisha uziondolee umeme kwa balbu. Transista za kubadilisha nilikuja nazo, nimezitoa kwenye mzoga wa risiva ya yule bwana wa Timau, ambao nilikuwa nimeuhifadhi chini ya kitanda huku mume wangu akinung'unika. Usibadilishe moja, badilisha zote mbili, kwa sababu ile inayoonekana nzima imeshaumia. Safisha ile grisi iliyokauka mgongoni mwake, paka mpya, kidogo. Waya wa spika usokote nyuzi zake zote, usibaki hata mmoja nje. Na kabla ya kuwasha, ondoa spika zote, uwashe ikiwa tupu.

Iliwaka, ikafikiri kidogo, halafu ikafunga rilei zake, zile swichi za ndani, kwa ule mlio mdogo ambao fundi yeyote anaupenda kuliko wimbo. Nikamvisha Shosho hedifoni, nikashika maiki. Sikuwa nimejiandaa na la kusema. Nikamuuliza amelalaje. Akaniambia Jumamosi nije, hawezi kumwamini Njeru na hizo nyaya.

Jumamosi nikaenda. Hema lilikuwa uani, wageni upande huu, wenyeji upande ule. Nikamweka Shosho mbele, hedifoni kichwani, risiva kwenye stuli nyuma yake, bila kitambaa na bila spika, na maiki katikati ya meza. Baadhi ya watu walicheka. Msemaji wa upande wetu alikuwa Mzee Nyaga, ndugu wa marehemu mume wa Shosho, mtu wa sauti nene ambaye hakuhitaji maiki na alilisema hilo. Alipokea salamu za wageni, akakubaliana nao juu ya mbuzi, juu ya asali, juu ya mablanketi, na akakubaliana nao pia kwamba harusi iwe Disemba. Kijana aliyekuwa anamchumbia Wawira alikuwa amepata kazi kwenye shamba la maua kule Timau. Wawira angehamia huko, na masomo yangeangaliwa baadaye.

Ndipo akaitwa Wawira. Nyinyi wa huku mnajua lile swali. Binti anaulizwa mbele ya wote kama uji wa wageni unywewe, na akisema unywewe amekubali ndoa. Na mnajua anavyojibu: ameinamisha kichwa, kwa sauti ndogo, kwa sababu tumewafundisha kwamba hiyo ndiyo adabu. Msemaji ndiye huyarudia majibu yake ili watu wasikie.

Wawira akainama karibu na meza akajibu. Mimi nilikuwa hatua chache na sikusikia chochote. Mdomo wake ulikuwa bado unasogea Mzee Nyaga alipoinua mkono.

"Amesema tunywe," akatangaza, na akina mama wakaanza vigelegele.

Shosho akainua mkono wake pia. Ilichukua muda vigelegele vife, kwa sababu hakuna aliyezoea kumwona akiomba kitu.

"Hajasema hivyo tu," akasema. "Amesema mnywe, anampenda huyu kijana. Lakini harusi ya Disemba hataki. Amesema amalize chuo kwanza."

Wageni wakatazamana. Wawira hakuinua kichwa. Mzee Nyaga akacheka kidogo, kicheko cha kumwonea mtu huruma, akawageukia wageni akawaomba radhi kwa niaba ya nyumba.

"Mama Njeru," akamwambia kwa sauti ya kupiga kelele, akielekeza kidole sikioni, "wewe masikio yako tunayajua."

Nilitaka kusimama. Nilikuwa na maneno ya kutosha kubomoa hilo hema. Lakini Shosho alikuwa ameshavua hedifoni, na alikuwa anamnyooshea.

"Yangu ni mabovu," akasema. "Yako ni mazima. Vaa usikie."

Hakuna mzee anayeweza kukataa kitu anachopewa na shemeji yake mbele ya wakwe. Akazivaa, zikakaa upande juu ya kofia yake. Wawira akasogea kwenye maiki akarudia, kichwa chini, kwa sauti ileile ndogo, bila kuongeza hata kidogo. Niliona uso wa Mzee Nyaga ukibadilika. Sidhani kama kuna binti aliyewahi kuongea naye akiwa karibu hivyo.

Watu wa nyuma wakaanza kuuliza amesema nini. Kurudia ndiyo ilikuwa kazi yake, na hapakuwa na mwingine wa kuifanya. Akakohoa, akasimama na hedifoni zikiwa bado kichwani, akayasema yote kama yalivyosemwa, mpaka kwenye neno la chuo. Shosho alikuwa amekaa mbele yake hasikii kitu, anamwangalia mdomo tu, na hakuuacha mpaka alipomaliza.